Mshahara Mnono wa Miezi Tisa

Mwezi huu naomba tuweke pembeni habari za wivu na mawifi, maana kuna kitu kinabomoa nyumba za watu kimya kimya na hatukizungumzii. Ni pesa ya mradi. Na kabla hujasema mhariri kaanza umbea, umbea wenyewe ni wa nyumbani kwangu.

Shemeji yenu ni fundi umeme. Amesoma VETA hadi ngazi ya tatu, ana leseni ya EWURA, na kazi anayoijua sana ni ya vituo vya kupoza umeme: kuvuta kebo, kufunga paneli, kuunganisha nyaya zinazoendesha zile swichi kubwa na kupima kila kitu kabla moto haujawashwa. Tulipooana alikuwa ameajiriwa kwenye karakana moja hapa Dar kwa mshahara wa shilingi laki saba. Mdogo, ndiyo, lakini kila tarehe 28 unaingia.

Basi bwana, siku moja akapigiwa simu na mshikaji wake aliyesoma naye. Kuna mradi wa njia ya kusafirisha umeme huko mikoani, mkandarasi mdogo anatafuta mafundi wenye leseni, mkataba wa miezi tisa. Ukijumlisha ovataimu na posho ya saiti, mtu anaondoka na milioni mbili na laki nne mkononi. Kwa mwezi! Jamani, mimi na digrii yangu ya mawasiliano ya umma hela hiyo sijawahi kuiona kwenye slipu yangu. Begi nilimfungia mwenyewe, tena nikiimba.

Mwezi wa pili tukahama vyumba viwili vya Tabata, tukachukua nyumba nzima Mbezi Beach, kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mwezi wa nne tukanunua gari, IST, nusu taslimu nusu mkopo. Kelvin akahamia shule ya Kiingereza. Mama mkwe akaezekewa nyumba kijijini, na hilo silijutii. Michango ya harusi ikawa inatukuta kama mvua za masika, maana watu walishajua mume wa fulani yuko kwenye mradi. Nami sikukanusha. Saluni nilikuwa naongea kwa kujiachia mpaka dada wa kusuka akaniuliza kama mume wangu yuko Ulaya.

Sasa hapa nikwambie jambo ambalo nilikuwa silijui. Fundi wa mradi analipwa vizuri kwa sababu anahitajika kwa muda mfupi, tena kwa haraka. Mradi wa umeme unaanza na wachimbaji na watu wa zege. Mafundi umeme wanaitwa kwa wingi mwishoni, wakati mkandarasi anahesabu siku na kila siku ya kuchelewa inamgharimu. Wanavuta, wanaunganisha, wanapima, moto unawashwa. Siku moto unapowaka ndiyo siku kazi inaisha. Wanabaki wachache wa kuendesha na kutunza mitambo. Yaani fundi huyu kadiri anavyofanya kazi yake vizuri, ndivyo anavyojisogeza karibu na kukosa kazi.

Chukua mfano wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa Desemba 2018, mtambo wa kwanza ukaingiza umeme kwenye gridi ya taifa Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ikawa imekamilika, kila mmoja megawati 235. Maelfu ya watu walipitia pale. Leo umeme unakuja, wao wameshasambaa. Au panda treni ya umeme ya kwenda Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Zile nyaya zilizo juu yako zina volti 25,000, na zilitundikwa na watu waliofunga mabegi siku treni ilipoanza kupita. Hakuna aliyewadhulumu. Kazi yao ndivyo ilivyo.

Mimi hilo sikulijua, na shemeji yenu aliyelijua hakunieleza. Aliniambia baadaye, "Nilikuona una furaha, Mama Kelvin. Nikasema nisikuharibie."

Alhamisi moja akanipigia simu. Njia imewashwa. Jumamosi alfajiri alikuwa mlangoni na begi lake lile lile.

Wiki ya kwanza ilikuwa fungate. Nilipika kuku, nikapika pilau, nikamwambia alale tu, amechoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilisubiri wiki tatu, lakini jembe nilimpa, tena kwa maneno. Nikirudi kazini nakuta runinga inaongea na yeye kalala kwenye kochi, nasema kwa sauti ya kusikika, "Wengine tunatoka saa kumi na mbili asubuhi." Yeye naye kakuta nyumba imejiendesha miezi tisa bila yeye. Akisema sukari isiwekwe pale, dada wa kazi ananitazama mimi kwanza. Akimkataza Kelvin runinga, Kelvin anakuja kuniuliza mama umeruhusu? Jioni moja mezani mtoto akamuuliza kwa upole kabisa, "Baba, unarudi kazini lini?" Hakuwa na ubaya. Yeye anamjua baba kama mtu anayekuja na kuondoka. Mwenzangu akaweka kijiko chini, akaenda kusimama nje.

Kuanzia siku hiyo akawa anatoka kila asubuhi. Shati limepigwa pasi, bahasha ya vyeti mkononi. Nikafurahi, nikajua anatafuta. Kumbe asubuhi nyingi alikuwa anaishia kijiweni na mafundi wenzake, wote wameshika simu wakisubiri iite. Malipo yake ya mwisho yalikuwa hayajaingia, yule mkandarasi mdogo kila wiki anasema wiki ijayo. Alipokwenda NSSF kuangalia michango yake, akakuta miezi minne alikatwa lakini haikupelekwa.

Mwezi wa tatu ada ya Kelvin ikadaiwa. Asubuhi moja nikaipata risiti mezani, imelipwa yote. Sikuuliza. Nikajua malipo ya mradi yametoka. Jumapili nikawa nafagia stoo, nikavuta kisanduku chake cha vifaa ili nifagie chini, kikaja chepesi. Nikafungua. Ile koleo kubwa ya kubania vichwa vya kebo haipo. Na kile kipimo chao wanachokiita mega, cha kupima kama insulesheni ya waya ni nzima, alichokinunua kwa mshahara wa kwanza wa saiti na kunitumia picha kama mtu aliyepata mtoto, nacho hakipo.

Mpenzi msomaji, mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini nilikaa chini palepale stoo. Mume wangu alikuwa ameuza mikono yake ili mimi nisijue kwamba tumechacha.

Usiku ule ndio tuliongea kwa mara ya kwanza tangu arudi. Sio kugombana, kuongea. Nikatoa kalamu na daftari, tukapiga hesabu ambayo tulipaswa kuipiga kabla sijamfungia begi. Milioni 2.4 mara miezi tisa ni milioni 21.6. Mwishowe alikaa bila kazi miezi mitano, kwa hiyo pesa ile ilikuwa ya miezi 14. Gawanya. Inakuja kama milioni 1.54 kwa mwezi. Huo ndio uliokuwa mshahara wake wa kweli. Bado ni zaidi ya mara mbili ya ule wa karakana! Kwa hiyo kazi ilikuwa nzuri na mume wangu hakukosea kuifuata. Tulichokosea ni kuishi maisha ya milioni mbili na laki nne, na kuiita "mshahara" pesa ambayo ilikuja na tarehe ya kufa.

Tuliuza IST, tukamaliza mkopo. Kodi ya Mbezi Beach ilipoisha tukarudi Tabata, na majirani wakasema walichosema. Malipo ya mwisho yakaja kwa mafungu baada ya shemeji yenu na wenzake kwenda kulalamika kwa maandishi. Kitu cha kwanza tulichonunua nayo ni mega.

Sasa kama wewe au mwenzi wako ni wa kazi hizi, iwe umeme, uchomeleaji au mitambo, naomba nikuachie haya machache. Yametugharimu, wewe yachukue bure.

Kwanza, pesa ya mkataba igawanye kwa miezi mtakayoila, sio kwa miezi itakayolipwa. Sisi siku hizi mkataba wa miezi tisa tunauhesabu kama wa miezi 14. Kinachozidi kila mwezi kinaingia akaunti nyingine, ambayo kadi yake haikai kwenye pochi ya mtu. Kazi mpya ikija mapema, hiyo ni bonasi yenu, kuleni bata kwa amani.

Pili, ovataimu usiiite mshahara. Kwa sheria ya ajira ya mwaka 2004, wiki ya kawaida ni saa 45, na saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Ndiyo maana slipu ya saiti inanona. Lakini mvua ikinyesha wiki mbili au vifaa vikikwama bandarini, saa za ziada zinakufa na wewe kodi yako haikuhusu mvua. Pangeni maisha kwa mshahara wa msingi ulioandikwa kwenye mkataba.

Tatu, karatasi zifuatilieni wakati bado yuko saiti. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hatakiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Angalieni kila baada ya miezi miwili kama unafika kweli, maana mkandarasi akishafunga kambi kumpata ni kasheshe. Ulizeni pia kama amesajiliwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Ule mchango ni wa mwajiri peke yake, na umeme si kitu cha kucheza nacho. Na siku ya kuondoka, cheti cha utumishi ni haki yake kisheria. Asipande basi bila hicho, ndicho kinachomtafutia kazi inayofuata.

Nne, vifaa vya kazi haviuzwi. Bora tule dagaa wiki mbili. Na miezi ya katikati itumike: kupandisha daraja la leseni, kozi fupi, au kwa aliyejifunzia mtaani, kwenda VETA kurasimishwa ujuzi wake ili naye aitwe kwenye miradi yenye pesa.

Tano, na hili ni la sisi tunaobaki. Kurudi kuna kazi kuliko kuondoka. Tunajua kuagana, tuna machozi yake na zawadi zake. Kupokea mtu aliyemaliza kazi hatujui. Fundi aliyerudi baada ya mradi kuisha hajafukuzwa wala si mvivu, amemaliza alichoitiwa. Mpe wiki zake za kupumzika, halafu mrudishie nafasi yake ndani ya nyumba. Kwetu, baba akiwepo ndiye anayempeleka Kelvin shule na kusimamia masomo ya jioni, na mimi hapo siingilii hata kidogo, ingawa hesabu za darasa la tatu anazifundisha kama anafunga paneli. Na wewe kaka unayerudi, mwambie mwenzio ukweli wa mfukoni kabla hajaukuta stoo.

Shemeji yenu kapata mkataba mwingine, miezi nane. Safari hii kabla hajasaini tulikaa na kalenda ya ukutani, tukazungushia duara tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na miezi minne mbele yake tukaandika kwa kalamu nyekundu "BABA NYUMBANI". Kelvin kaiona, kauliza ni ya nini. Tukamweleza. Sasa haulizi tena baba anaondoka lini. Anahesabu anarudi lini.

Jumapili iliyopita tulimsindikiza stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, kwa daladala. Begi nilimfungia mimi tena, kama kawaida. Mega aliifunga mwenyewe, kwenye taulo, katikati ya nguo.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.

Wenu,
Mhariri