Pointi ni pesa zetu, sheria izilinde

KIKAPU CHA MLAJI
Na Rukia Mwinyihaji

Keshia wa supamaketi huuliza swali moja kabla ya kupokea pesa: "Una kadi ya pointi?" Kuna wateja wanaotaja namba ya simu hata kabla ya kuulizwa. Kuna wanaotikisa kichwa na kunyoosha mkono kutaka risiti. Na kuna yule aliye nyuma kwenye foleni, akisikia jirani yake hana kadi, humwomba: "Basi niwekee kwa yangu, dadangu." Ombi hilo nimelisikia Nyali, Likoni na Mtwapa, na sijaona mtu akikataa. Mtu hukubali kumpa mgeni asichokithamini, na mgeni hushukuru kwa kupata anachokithamini sana.

Wanaothamini pointi wengi wao ni akina mama wanaoshika matumizi ya nyumba, na hesabu wanaijua. Chukua duka linalotoa pointi moja kwa kila shilingi 100, na kila pointi ikawa na thamani ya shilingi moja. Nyumba inayonunua vitu vya shilingi 15,000 kwa mwezi hupata shilingi 150. Kwa mwaka ni 1,800. Mama huyo hazigusi pointi zake mpaka Desemba, kisha hununua mchele, sukari na mafuta ya kupikia, na pesa taslimu alizookoa akazisukumia karo ya Januari. Wapo wataalamu wa fedha wanaowaambia akina mama hawa kwamba wanapumbazwa, kwamba asilimia moja si kitu. Mimi sikubaliani nao. Shilingi 1,800 ni kitu kwa anayehesabu mpaka shilingi ya mwisho, na ni haki yake, kwa sababu amekuwa akilipa bei ambayo gharama ya pointi imo ndani yake.

Wanaotikisa kichwa nao wana sababu zao, na sababu kubwa ina jina: Nakumatt.

Waliokuwa watu wazima muongo mmoja uliopita wanakumbuka Smart Card ya Nakumatt ilivyokaa katika pochi pamoja na kitambulisho. Lilikuwa duka kubwa kuliko yote nchini Kenya, lenye matawi hadi Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2017 rafu zikaanza kubaki tupu kwa sababu wasambazaji hawakulipwa. Januari 2018 likawekwa chini ya msimamizi, likiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Matawi sita ya mwisho yalinunuliwa na Naivas, na Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifungwe. Kabla ya hapo supamaketi ya Uchumi ilikuwa imefunga milango mwaka 2006, ikafunguliwa tena, ikazama tena. Baadaye Tuskys nayo ikaporomoka. Mkenya aliyenunua kwa uaminifu katika maduka hayo matatu, akitunza kadi za pointi, alijifunza kwamba uaminifu wenyewe ulikuwa wa upande mmoja.

Tazama jinsi sheria inavyompanga mtu huyo. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inaweka foleni ya kulipwa kampuni inapokufa. Gharama za ufilisi hutangulia, mishahara ya wafanyakazi hufuata kwa kiwango kilichowekwa, kodi nayo ina nafasi yake, na benki zenye dhamana zina mali zao za kukamata. Wadai wasio na dhamana hubaki mwisho, na huko ndiko alikolala mkulima aliyeleta maziwa kwa mkopo. Mwenye pointi yuko huko huko, tena bila hata hati ya kudai. Hana ankara wala mkataba alioutia sahihi. Ana kadi ya plastiki na namba iliyoandikwa katika kompyuta ya duka lililozimwa umeme.

Lakini pointi ni deni, na wahasibu wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu iitwayo IFRS 15, iliyoanza kutumika 2018, inaitaka kampuni inayotoa pointi itenge sehemu ya pesa za mauzo na kuiandika kuwa ni wajibu ambao bado haijautimiza kwa mteja. Pesa hiyo huhesabiwa mapato pointi zinapotumika, au pale kampuni inapokadiria kwamba hazitatumika kamwe. Sehemu hiyo ya mwisho isomeni mara mbili. Pointi ambazo mama aliacha zikalala hugeuka kuwa mapato ya duka. Mwenye duka la mtaani huandika katika daftari lake jina la mteja aliyechukua unga kwa mkopo. Pointi ni daftari hilo hilo, ila safari hii anayedaiwa ni duka, na kalamu pia iko mkononi mwake.

Mteja akidaiwa, mambo ni tofauti. Kwetu mkopo wa kununulia vitu umekuja zaidi kwa njia ya simu, hasa tangu huduma ya Fuliza ilipoanza 2019, na asiyelipa mkopo wa simu anaweza kuripotiwa kwa ofisi za kumbukumbu za mikopo (CRB), jina likachafuka benki zote. Duka linalofuta pointi za maelfu ya watu haliandikwi popote.

Mfano ninaoutaka wabunge wetu wautafakari uko katika simu zao wenyewe. Mwaka 2007 kampuni ya simu ya Safaricom ilianzisha M-Pesa, na mwaka huo huo ikaanzisha pointi za Bonga. Kampuni moja, simu moja, mteja mmoja. Pesa za M-Pesa zinawekwa benki katika akaunti za amana, mbali na mali ya kampuni, na Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011 pamoja na kanuni zake za 2014 zinalinda mpango huo. Pointi za Bonga hazina ulinzi kama huo, ingawa tangu 2020, wakati wa korona, mtu ameweza kulipia nazo bidhaa dukani. Oktoba 2022 kampuni ilitangaza kwamba pointi zenye umri wa zaidi ya miaka mitatu zingefutwa kuanzia Januari 2023. Watu wakapiga kelele, na kabla ya mwaka kwisha mpango ukasimamishwa. Nilifurahi. Lakini haki ambayo mtu huipata kwa kupiga kelele inaweza kumponyoka siku akinyamaza.

Kwingine walikwenda mbele zaidi. Katika mkoa wa Ontario, Kanada, mpango wa pointi wa Air Miles ulitaka kufuta pointi za zamani mwisho wa 2016. Wateja wakachachamaa, kampuni ikarudi nyuma, na bunge la mkoa halikuishia kushangilia: Desemba ya mwaka huo huo lilipitisha sheria ya kukataza pointi kufutwa kwa sababu tu ya muda kupita. Sheria yetu ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ilifuata kwa karibu ile ya Ontario ya 2002. Tulichukua sheria yao. Marekebisho yao bado hatujayachukua.

Kuna jambo lingine linalonikera pale kwa keshia. Siku hizi kadi imeondoka, namba ya simu ndiyo kadi. Msichana anataja tarakimu zote kumi kwa sauti, foleni nzima ikisikiliza, na jioni anapata ujumbe kutoka kwa mwanamume asiyemjua. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na kamishna wake. Kibodi ndogo ya mteja kubonyeza namba mwenyewe si gharama ya kulishinda duka lenye matawi mengi.

Ninachotaka ni pesa za pointi ziwekwe katika amana kama zile za M-Pesa. Wenye maduka watasema kwamba kufanya hivyo kutawafungia mtaji, na kwamba wadogo wataacha kutoa pointi. Hoja hiyo ina uzito. Duka lenye tawi moja lisibebeshwe mzigo wa duka lenye matawi 100. Sheria inaweza kuweka kiwango, na maduka yaliyo chini yake yakasamehewa. Lakini lile linaloshindwa kutenga hata asilimia moja ya mauzo yake kwa ajili ya deni ambalo limelitangaza lenyewe kwa mabango, wasambazaji wake na wafanyakazi wake wanapaswa kuijua hali hiyo mapema. Waliosubiri malipo ya Nakumatt wangeshukuru kuijua 2015.

Bunge likichelewa, Mamlaka ya Ushindani inaweza kuanza na risiti. Risiti ionyeshe pointi za mteja ni ngapi, zina thamani ya shilingi ngapi, na zinakwisha lini. Mengi ya maduka haya huchapa idadi peke yake, na mama anayepanga Desemba yake anahitaji yote matatu.