Sukari nitie mwenyewe, jamani

Hivi wadau, nani alituambia chai lazima itiwe sukari huko huko jikoni? Mkosaji wa kwanza ni mimi. Juzi nimebandika maziwa, nikageuka kusoma meseji, yakafurika mpaka moto ukazimika. Nikafuta, nikaanza upya: tangawizi, majani, vijiko sita vya sukari, nikamimina kwenye chupa. Mazoea! Mzee wangu ana kisukari, na mimi najua. Akanywa nusu kikombe kimya kimya, maana kwetu kukataa chai ya mtu ni kama kumdharau. Nilishtuka nilipoonja yangu. Basi kopo la sukari likae mezani, kila mtu atie yake. Anayeona huo ni uchoyo aje tubishane... chai ipo, haina sukari.