Diplome ya mutoto wa muchimbaji, kazi yake iko wapi?

Sisi bazazi tunaoishi na migodi, kutoka Likasi mpaka Kolwezi, tunajua bei ya diplome. Ni mifuko ya mawe mugongoni, ni usiku bila kulala, ni minervali tunayolipa kidogo kidogo. Ndiyo maana mutoto akimaliza iniversite, swali letu ni moja: "Umekwisha kupata kampani?" Akijibu kwamba anataka kazi ya Leta, ku komine ao ku sheferi, tunacheka: "Kule utakula nini?"

Leo tunasema: tuache kucheka, tuhesabu kwanza.

Sheria ya madini ya 2018 iligawanya redevansi, ni kusema malipo kampani inatoa juu ya madini inayouzisha. Ku kila franga 100, 50 zinaenda ku serkali ya Kinshasa, 25 ku jimbo, 10 ku mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 ku komine, sekteri ao sheferi kwenye mgodi uko. Tena kampani inapashwa kutoa 0,3% ya kile inauzisha kila mwaka kwa maendeleo ya vijiji vya karibu. Na ahadi zake, shule, maji, barabara, zinaandikwa mu karatasi inayoitwa cahier des charges.

Kwa hiyo makuta iko. Nani anaifuata? Ile karatasi iko mu Kifransa cha bajuristi. Mutu wetu anaketi ku mkutano, anapiga mikono, anatia sahihi. Mwaka unapita, kisima hakuna, na hakuna mutu wa kuonyesha ni ukurasa gani uliahidi kile kisima.

Hapo njo kazi ya mutoto wetu inaanza, na haingojee diplome. Anayesoma sheria asomee mama yake na majirani ile karatasi kwa Kiswahili. Wa uchumi aombe budjeti ya komine, aandike kazi yake ya mwisho juu ya zile 15: ziliingia ngapi, zilifanya nini. Siku ataingia ku ofisi ya Leta, atajua pa kuangalia.

Mushahara wa Leta ni mudogo, tena unachelewa, hatufiche. Lakini na sisi tuko na kosa. Mutoto akipewa kiti, ndugu kumi tunapanga mustari ku mulango wake, kila mutu na shida yake. Tunamusukuma aibe, kiisha tunalia kwamba bakubwa banaiba. Kama tunataka atumikie bantu wote, tukubali asitujaze sisi tu.

Likizo hii, mutoto akirudi nyumbani, tusimuulize kampani kwanza. Tumuwekee ile karatasi ku meza, tumuambie: "Tusomee, tuelewe tulitia sahihi juu ya nini."