Tabora na ndege ya mwaka 1920: Wageni wanatua, wanajaza mafuta, wanaondoka

WATALII wengi waliokwenda kuwaona sokwe wa Mahale au viboko wa Katavi hawaifahamu Tabora, ingawa baadhi yao wamekwisha kuikanyaga. Kwa miaka mingi baadhi ya ndege ndogo zinazowapeleka huko kutoka Arusha zimekuwa zikitua mjini humo kuongeza mafuta. Abiria hushuka, hunyoosha miguu kivulini, rubani hushughulika na mafuta na karatasi zake, kisha safari inaendelea. Mkazi wa Ipuli anayesikia mngurumo ukififia kuelekea magharibi hana sababu ya kudhani kwamba mji wake umepoteza kitu. Ukweli ni kwamba umepoteza.

Nyingi ya ndege zinazofanya kazi hiyo nchini ni za aina ya Cessna Caravan. Caravan maana yake ni msafara, na sidhani kama waliozipa jina hilo huko Marekani walikuwa wakiufikiria Unyanyembe, mahali ambapo misafara ya pwani ilipumzika kabla ya kugawanyika, mmoja ukishika njia ya Ujiji na mwingine ya Ziwa Victoria. Tofauti ni kwamba msafara wa karne ya 19 ulikaa wiki kadhaa, ukala na kununua. Huu wa sasa hukaa dakika chache tu.

Katika nchi nyingine imebainika kwamba rubani wa ndege ndogo ni mgeni anayeweza kushawishiwa kukaa. Nchini Uingereza wapo watu wanaorusha ndege zao za viti viwili au vinne mwishoni mwa wiki kwa lengo moja, kwenda kutazama ndege nyingine. Duxford, karibu na Cambridge, kilikuwa kiwanja cha ndege za kivita wakati wa Vita Kuu ya Pili. Leo ni makumbusho, na rubani aliyeomba ruhusa mapema hutua, hulipa ada, huegesha na kuingia kutazama. Old Warden, yaliko makusanyo ya Shuttleworth, ina njia ya kurukia ya nyasi, na baadhi ya ndege zake kongwe bado huruka. Afrika Kusini nayo ina makumbusho ya jeshi lake la anga katika kiwanja cha Swartkop, Pretoria.

Je, Tabora ina nini cha kumwonyesha rubani? Wengi watataja tembe la Kwihara alimokaa Dk. Livingstone mwaka 1872, na kuishia hapo. Kwihara ni miongoni mwa vituo sita vya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu vilivyoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya awali ya UNESCO. Lakini kipo kisa kingine ambacho hata wenyeji hawakizungumzi.

Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walituma vikosi vitatu kupima njia ya anga kutoka Cairo hadi Cape na kusafisha viwanja vya kutua. Tabora ilikuwa katika njia hiyo, na si ajabu: ardhi yake ni tambarare, na reli iliyofika mwaka 1912 iliweza kuleta petroli kutoka Dar es Salaam. Januari 24, 1920, ndege ya injini mbili aina ya Vickers Vimy Commercial iliondoka Brooklands, kusini magharibi mwa London, kuwania kuwa ya kwanza kufika Cape. Safari hiyo ilidhaminiwa na gazeti la The Times. Marubani walikuwa Kapteni Cockerell na Kapteni Broome, na pamoja nao alikuwamo mtaalamu wa wanyama, Dk. Peter Chalmers Mitchell, aliyekuwa akiliandikia gazeti hilo.

Injini ziliwasumbua njiani, wakatua wasipotarajia, wakatengeneza, wakaendelea. Februari 27, 1920, walipokuwa wakiruka kutoka Tabora, ndege ilianguka na kuvunjika. Hakuna aliyekufa. Heshima ya kufika Cape iliwaendea van Ryneveld na Brand wa Afrika Kusini, Machi 20, nao walikuwa wamekwisha kuvunja ndege mbili kabla ya kufika na ya tatu.

Miaka 12 baadaye, shirika la Imperial Airways lilipoanza safari za kawaida hadi Cape, lilipita Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Tabora ikaachwa pembeni.

Mwaka 1999 ndege ya mfano wa Vimy iliyoundwa upya ilirudia safari ya London hadi Cape Town, na leo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Brooklands. Makumbusho hayo hayo ndiyo yaliyoipokea VC10 ya mwisho kutengenezwa duniani, ambayo iliwahi kuwa mali ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ikiwa na usajili wa Tanzania, 5H-MOG. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, ndege hiyo iliishia katika jeshi la anga la Uingereza. Septemba 2013 ilitua kwa mara ya mwisho katika kiwanja cha Dunsfold, kwa kuwa njia ya kurukia ya Brooklands ilikuwa imekwisha kufungwa na kukatwa. Brooklands, basi, ina ndege lakini haina mahali pa kutua. Tabora ina mahali pa kutua, na ya kuonyesha haina hata picha ukutani.

Kuna watakaosema kwamba mji wenye mahitaji ya madawati na maji haupaswi kuhangaikia burudani ya matajiri wachache. Hoja hiyo ina uzito, na mtu akidai ijengwe karakana ya mabilioni nitaipinga pamoja nao. Aidha, rubani wa ndege ndogo ya pistoni anahitaji petroli maalumu ya ndege, ambayo ni adimu na ghali nje ya viwanja vikubwa, na wa kutoka nje anahitaji vibali. Asiyeondolewa vikwazo hivyo hatakuja hata akijengewa kasri.

Lakini wale wa Mahale wanatua tayari. Serikali ilikwisha kuchukua mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya kwa ajili ya kuboresha viwanja vya Tabora, Kigoma, Shinyanga na Sumbawanga. Katika jengo la abiria, ukuta mmoja ungetosha kwa kuanzia: ramani ya njia ya 1920, picha ya Vimy, maelezo kuhusu ndege za majini za Wabelgiji zilizoshambulia Kigoma Juni 1916, miezi mitatu kabla ya Tabora kutekwa, na historia ya 5H-MOG. Pembeni pawe na gari na kijana mwenye leseni ya kuongoza wageni, anayeweza kuwafikisha Kwihara na kuwarudisha kabla jua halijawa kali, wakiwa na asali ya Tabora mkononi.

Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ndiyo yenye ukuta. Wahusika wa malikale ndio wenye tembe, na manispaa ndiyo yenye vijana. Kikao cha pande hizo tatu hakihitaji mfadhili, na kinaweza kufanyika hapo hapo kiwanjani, asubuhi, ndege ya kwenda ziwani ikiwa inajazwa mafuta.