Gari la seramiki nalo huoshwa

Wapenzi wetu mlioolewa mkahamia Toronto, tusidanganyane: gari kupakwa seramiki si ruhusa ya kuliacha bila kuoshwa msimu mzima wa baridi. Barabara za kule humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na sisi wa visiwani chumvi twaijua inavyokula chuma. Seramiki hukaa juu ya rangi tu. Uvunguni haifiki, na kutu hupenda kuanzia huko.

Ila kinachotukera zaidi ni lile tambara. Bi harusi anataka kumfurahisha mume, anatoka na kitambaa kikavu, anasugua. Chumvi na mchanga ule ni msasa, jamani! Mwenzetu mmoja alifanya hivyo. Michirizi ipo hadi leo, na mume hakusema neno, jambo lililomuuma zaidi.

Ngojeni siku joto lipande juu ya sifuri. Tangulizeni maji ya presha, hadi uvunguni, ndipo sabuni ya gari, si ya vyombo, na glavu laini. Maji ya moto kwenye kioo chenye barafu, hapana, chaweza kupasuka. Kausheni na mipira ya milango, la sivyo usiku itaganda na asubuhi mlango haufunguki.