UCHAMBUZI: Kitambulisho hakikumvua Mmakonde mila yake

WAZEE husema mwacha mila ni mtumwa. Wamakonde wa Kwale hawakuiacha yao, na mila hiyo haikuwazuia kuwa Wakenya. Kilichowazuia ni karatasi.

Wazee wao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Watoto na wajukuu walizaliwa Pwani. Nyumbani walilelewa kwa Kimakonde, kwa majirani wakaongea Kidigo, shuleni wakajifunza Kiswahili. Wengi hawakujiona wageni hadi walipofika umri wa miaka 18 na kunyimwa kitambulisho. Bila hicho hapakuwa na kura, akaunti ya benki wala ajira rasmi. Msumbiji nako hawakuwa na kwao.

Oktoba 2016 waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu na kuagiza wasajiliwe. Mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Washona walipewa uraia mwaka 2021, Wapemba wakatambuliwa 2023.

Hatua hizo ni za kupongezwa, ila zina kasoro moja: kila jamii ilisubiri hisani ya rais. Sheria ya Uraia ya 2011 iliwafungulia mlango wasio na uraia, lakini kwa muda maalumu tu.

Mmakonde mwenye kitambulisho bado huchonga mpingo, na sasa hupiga kura. Mtoto aliyezaliwa Kenya na asiye na kwao kwingine hafai kungoja maandamano ili atambuliwe. Bunge liufungue mlango huo daima.