Abiria wa Mlowo Apangiwe Saa

Pale Mlowo, Hiace ya Tunduma haiondoki kwa saa. Inaondoka ikijaa. Ya Vwawa ni vivyo hivyo, na ya Mbalizi, na ya Kamsamba. Vikibaki viti vitatu, injini itanguruma, mpiga debe ataita mpaka sauti imkauke, na aliyetangulia kuingia ndiye atakayekaa muda mrefu kuliko wote. Aliyewahi ndiye anayeadhibiwa. Kwa mji ambamo mkulima, mwalimu, mgonjwa na mchuuzi wa mahindi wote wanategemea barabara moja, huo ni utaratibu mbaya, na umevumiliwa kupita kiasi.

Mlowo imekaa juu ya barabara kuu ya TANZAM, ile itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia. Mashariki yake iko Mbeya. Magharibi, kwa mwendo wa kama kilomita kumi tu, iko Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mtu wa Mlowo mwenye shida na ofisi ya mkoa huenda Vwawa. Aliyepewa rufaa ya matibabu huenda huko huko. Mbele zaidi iko Tunduma, mji wa mpakani wenye wakazi zaidi ya laki mbili, unaotazamana na Nakonde ya Zambia. Tena Mlowo ndipo inapochomoka barabara ya Kamsamba inayoteremka hadi Mto Momba, na kwa njia hiyo wakulima wa bondeni huleta mazao sokoni. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia mkoa mzima watu 1,344,687.

Kwa hiyo mtu anaweza kulala Mlowo, akafanya kazi Vwawa, na bidhaa za duka lake akazifuata Tunduma. Kimaisha, miji hiyo mitatu imekwisha kuungana. Usafiri wa umma ndio bado unaihesabu kama vituo vya njiani vya watu wanaokwenda mbali.

Lawama huwaangukia dereva na konda, nao wana makosa yao. Lakini ni vema kutazama wanavyolipwa. Dereva hupewa gari na tajiri kwa makubaliano ya hesabu: kila jioni apeleke kiasi fulani, hali iwe nzuri au mbaya. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho chakula chake na cha konda. Kwa mpango huo kila kiti kitupu kinamtoka mfukoni. Ndiyo maana anasubiri gari lijae, akishatoka anaokota wengine njiani mpaka watu wanasimama wameinamisha shingo, anakimbizana na mwenzake kuwahi abiria wa kituo kijacho, na akiona waliobaki ni wachache anakata ruti na kuwahamishia gari jingine. Trafiki akimwandikia faini, faini hiyo nayo inaingia kwenye gharama za siku na inabidi irudishwe kwa mbio. Haya yanafanyika kwenye barabara ambayo malori ya shaba na makontena hupita usiku na mchana, na ambayo mteremko wake wa Senjele, upande wa kwenda Mbeya, umeshaua watu wengi.

Serikali haijakaa kimya kabisa. LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA, hupanga nauli, na Desemba 2023 ilitangaza shilingi 48.47 kwa kila kilomita kwa abiria wa basi la kawaida la mikoani. Hiyo ni silaha nzuri mkononi mwa abiria anayejua kuitumia: kwa kiwango hicho, safari ya kilomita 40 haifiki shilingi 2,000. Lakini kilomita iliyopangiwa bei haimwambii mama mwenye kadi ya kliniki kwamba gari litaondoka saa moja na nusu, wala haimwambii mwenye duka kama atapata gari la kurudi akichelewa kufunga. Kupanga nauli bila kupanga muda ni kazi iliyoachwa nusu.

Dar es Salaam ilishayapitia haya kwa gharama kubwa. Shirika la mabasi la UDA lilianzishwa mwaka 1974, likaja kuwa na Ikarus zake ndefu ambazo watu wa mjini waliziita kumbakumba. Miaka ya themanini ilipoingia na nchi kukosa fedha za kigeni za kununulia vipuri, mabasi yalilala gereji na abiria wakajaa vituoni. Mwaka 1983 watu binafsi wakaruhusiwa kubeba abiria, na ni haki kukiri kwamba daladala ziliuokoa mji. Kosa lilikuwa kuifanya dawa ya dharura kuwa chakula cha kila siku kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza kwenye njia ya kilomita 20.9. Na mwendokasi wenyewe ukafundisha jambo la pili: barabara nzuri na vituo vizuri, mabasi yakiwa machache, huzaa foleni ya watu tu.

Mlowo haihitaji mwendokasi. Inahitaji mpangilio, na jirani aliyefanya hivyo yupo. Mwaka 2013 Kigali iligawa jiji katika kanda na kuzikabidhi kwa mkataba kwa waendeshaji watatu. Mmojawapo, RFTC, lilikuwa shirikisho la ushirika wa wenye magari, wengi wao wakiwa watu wa Hiace. Hawakufukuzwa barabarani, waliingizwa kwenye mpango.

Mbozi, wilaya iliyo na Mlowo, inaujua ushirika. Wakulima wake wa kahawa wamekuwa wakikusanya na kuuza pamoja kwa miaka mingi, hivyo wenye Hiace na Costa hawatakuwa wanajifunza jambo geni. Ruti ya kuanzia ni moja: Mlowo, Vwawa, Tunduma. Magari yaende kwa zamu, kila nusu saa, yawe yamejaa au hayakujaa. Nauli ziingie mfuko mmoja, dereva na konda walipwe mshahara, tajiri alipwe kwa safari ambazo gari lake limefanya. Magari ya alfajiri yatakayotoka na viti vitupu yafidiwe kwa sehemu ya ushuru wa stendi, ambao halmashauri hukusanya kwa magari hayo hayo. Na kuwe na gari la mwisho linalojulikana, baada ya saa mbili usiku. Maana tangu Oktoba 2023 mabasi ya masafa marefu yameruhusiwa kusafiri saa 24. Mwanamke anayeteremshwa Mlowo usiku, na mtoto mgongoni na mabegi mawili, hana la kuchagua ila bodaboda.

Iko pia reli. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na ina stesheni Mlowo, Vwawa na Tunduma. Foleni ya malori ikifunga barabara karibu na mpaka, reli haiguswi. Treni ya abiria wa karibu si ndoto. Dar es Salaam iliipata Oktoba 2012, na TAZARA imewahi kuendesha treni ya wenyeji ya Udzungwa kati ya bonde la Kilombero na Makambako. Septemba 2024, jijini Beijing, Rais Samia Suluhu Hassan na Rais Hakainde Hichilema wa Zambia walishuhudia kusainiwa kwa hati ya makubaliano ya kuifufua reli hiyo pamoja na China. Mazungumzo mengi yamehusu shaba na mizigo. Wabunge wa Songwe wana wajibu wa kuuliza, bungeni na kwa maandishi, behewa la abiria wa Mlowo limewekwa wapi katika mpango huo.

La reli litachukua muda. La Hiace halihitaji kusubiri Beijing wala Dodoma. Madiwani wa Mbozi na wa Mji wa Tunduma waketi na LATRA na wenye magari kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai, wakubaliane ruti hiyo moja, na saa ya gari la kwanza na la mwisho ziandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa stendi ya Mlowo.